Naombeni ushauri: bajeti ya filamu fupi ya sai-fai milioni 18.4, na namna ya kumshawishi mzee atoe hela

Mtoto wa Gerezani:
Habari za humu wakuu. Niende moja kwa moja. Nina skripti ya filamu fupi ya sai-fai (hadithi ya kubuni ya kisayansi), dakika kama 22 hivi. Ni stori ya dada mmoja fundi simu Kariakoo, analetewa simu imepasuka kioo, akiiwasha anakuta meseji zina tarehe za wiki ijayo, na mojawapo ameituma yeye mwenyewe anamwomba mdogo wake asitoke nyumbani siku ya Alhamisi. Mwishoni tunajua simu imetoka mwaka 2090, tunaliona jiji la Dar la wakati huo na chombo kinashuka baharini upande wa Kigamboni.

Bajeti niliyopiga: kukodi kamera, lenzi na taa siku 8 ni 3,200,000, waigizaji watano 2,500,000, kru (watu wa nyuma ya kamera) 2,000,000, VFX (picha za kutengeneza kwenye kompyuta) za jiji na chombo 6,000,000, chakula na usafiri 1,200,000, lokesheni 800,000, vibali 500,000, sauti 300,000, mavazi na vifaa vya kuigizia 1,000,000, kuediti 900,000. Jumla 18,400,000.

Sasa kuna mzee anauza kava na vioo vya simu kwa jumla, rafiki wa marehemu baba, kaniambia Jumamosi niende nimweleze vizuri. Shida kila nikianza ananikatisha, "kwa hiyo ni sinema ya kichawi?", afu anauliza hela yake itarudi vipi. Niingie na gia gani? Na hii bajeti inasimama au naota? Natanguliza shukrani.

Bwana Mkasi:
Chombo kishuke Kigamboni kikute foleni ya pantoni, hapo ndo stori itaeleweka 😂😂

Mzee wa Hesabu:
Mdogo wangu stori yako nzuri, tena nzuri kuliko bajeti yako. Theluthi ya hela inakwenda kwenye kitu mtazamaji atakiona dakika moja mwishoni, na kwa milioni 6 hilo jiji litatoka kama gemu la zamani, watu watacheka pale pale ulipotaka walie. Toa jiji. Toa chombo. Simu yenyewe ndo chombo chako, iko mkononi mwa yule dada muda wote.

Na sio kwamba nakukatisha tamaa, waliofanikiwa kwa hela ndogo ndivyo walivyofanya. Filamu ya Primer ilishinda tuzo kubwa ya majaji kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, mwaka 2004, na inajulikana kwamba iligharimu kama dola 7,000, mashine ya kusafiri kwenye muda ni boksi tu, na Shane Carruth aliandika, akaongoza, akaigiza, akaediti na muziki akapiga mwenyewe. Coherence ya 2013 ni watu wanane mezani wanakula, ilipigwa usiku tano nyumbani kwa dairekta.

Halafu chakula. Hujasema kru ni wangapi, tufanye mpo 14 seti nzima, siku 8 hiyo ni sahani 112 za mchana peke yake. Weka sahani 5,000, umeshamaliza 560,000, bado chai na chapati za asubuhi, bado maji, na mkimaliza usiku daladala zimelala kila mtu anataka nauli ya bodaboda. Hiyo 1,200,000 haifiki siku ya sita. Na sijaona hela ya dharura popote, au kwenye filamu yako mvua hainyeshi?

Binti Sauti:
Mi nimesimama kwenye sauti 300,000 nikaenda kunywa maji kwanza nikarudi. Kaka unataka kurekodi mazungumzo Kariakoo? Na wale wenye spika zinazojinadi zenyewe "mia tano mia tano kila kitu mia tano" toka asubuhi mpaka jioni utawazima na nini? Picha ikiwa na giza kidogo watu watasema ni staili, sauti ikiwa mbovu wanafunga dakika ya pili.

Fanya hivi, jenga kibanda cha fundi ndani ya chumba, hata Mbezi huko au Kibaha kama una ndugu, ukutani tundika mablanketi kuua mwangwi, mazungumzo yote piga humo. Kariakoo nenda Jumapili alfajiri na watu watatu mkachukue picha za nje tu, na siku nyingine urudi na rekoda peke yako uchukue kelele za mtaa uje uzilaze chini ya mazungumzo. Kila ukimaliza sini rekodi nusu dakika ya chumba kikiwa kimya, mtu wako wa kuediti sauti atakuombea dua. Na jenereta iwe mbali, sio nyuma ya ukuta kama nilivyokuta seti moja nisiyoitaja.

Hiyo 2090 yenyewe nipe kwa sauti bana. Dada anaweka simu sikioni, anasikia tangazo la kituo cha treni ambacho hakijajengwa. Basi, nywele zimesimama.

Nganya_254:
Niko Nairobi. Binti Sauti amesema yote. Naongeza tu kitu ya pesa, angalia Pumzi, sai-fai fupi ya dairekta wetu Mkenya Wanuri Kahiu, ya 2009, dakika kama ishirini, ikaenda Sundance 2010. Ile haikulipwa na mtu mmoja, wafadhili walikuwa kadhaa, Goethe-Institut, ile taasisi ya utamaduni ya Wajerumani, wakiwa mmoja wao. Kwa hivyo usimwekee huyo mzee mzigo wote, ukimuomba yote akikataa umebaki bure. Muombe kipande.

Kompyuta ya Mkopo:
Mi ndo nafanya VFX na bado nasema toa jiji. Blender ya kutengeneza picha za 3D ni ya bure, DaVinci Resolve ya kuediti ina toleo la bure, programu sio ishu, ishu ni muda wa mtu na mashine kurenda, yaani kompyuta kuitoa picha iliyokamilika.

Meseji za kwenye simu usiziweke baadaye kwenye kompyuta, utalipa kila shoti. Tengeneza video ya zile meseji, icheze kwenye simu yenyewe, muigizaji ajifanye anagusa. Piga fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda kamera inaofungua kwa kila picha, iwe 1/50 ya sekunde maana umeme wetu ni hezi 50, taa za bei rahisi zikipigwa tofauti na hapo zinapepesa. Kioo nacho kifanyie majaribio siku kabla. Droni achana nayo, ina kibali chake na gharama zake.

Mama Mikataba:
Nyote mmeongelea kamera, Jumamosi ni keshokutwa na mtoto hajui akaseme nini.

Mwanangu, usimwahidi mzee faida. Filamu fupi hairudishi hela hivyo, ukimdanganya leo mwakani mtakutana msibani mnakwepana. Mwambie mapema hapa hapati riba, anapata jina lake mwanzo wa filamu, duka lake linaonekana, na akikubali mnapiga picha mbele ya mzigo wake mwenyewe, lokesheni umeshapunguza. Anauza vioo vya simu, na filamu yako inaanza na kioo kilichopasuka, unataka nini tena?

Neno sai-fai usilitaje kabisa. Mwambie: binti anajua Alhamisi mdogo wake atakufa, ana siku nne, na hakuna anayemwamini. Nyamaza. Akikuuliza inakuwaje, ameshaingia.

Karatasi nenda nayo moja. Hela iwe kwa awamu tatu, kabla ya kupiga, wakati wa kupiga, na ya kuediti, na muandikishane hata kama ni rafiki wa baba, hasa kwa sababu ni rafiki wa baba. Skripti ipeleke COSOTA, wale wa hakimiliki, na kibali cha Bodi ya Filamu ukikate kabla hujatoa kamera nje.

Mzee wa Hesabu:
Mama hapo kwenye faida napingana kidogo. Akiandika kwamba kikipatikana chochote mzee ana asilimia yake, ni heshima.

Mama Mikataba:
Asilimia sawa, ahadi hapana. Tusigombane mbele ya watoto.

Mtoto wa Gerezani:
Wakuu nashukuru sana, nimekesha naandika upya. Jiji limetoka, chombo kimetoka (kimeniuma kiukweli), siku zimekuwa 5, waigizaji watatu, kibanda tunajenga sebuleni kwa shangazi Kibaha. Sauti imepanda 1,700,000, VFX imeshuka 700,000, na dharura asilimia 10 jumla imekuja 13,145,000. Kwa mzee naomba milioni 5 na duka lake Jumapili moja asubuhi.

Bwana Mkasi:
Shangazi anajua?

Mtoto wa Gerezani:
Mrejesho. Mzee kasikiliza mpaka mwisho, kauliza "sasa huyo mdogo wake anapona?", nikamwambia utaona kwenye filamu, kacheka. Awamu ya kwanza kakubali ila ana sharti, mpwa wake lazima aigize. Nimemuona huyo mpwa, akiambiwa aseme jina lake anatetemeka. Nifanyeje?

Mama Mikataba:
Mpe awe mteja, anaweka simu mezani, anaambiwa "njoo kesho", anaondoka. Haongei. Na iandikeni kwenye mkataba kwamba ni sini moja.

Binti Sauti:
Na viatu avue, sakafu ya shangazi isije ikaniingilia kwenye rekodi.