Pampu ya bluu inaniishia kila mwezi na bado nabanwa, nifanyeje? (mvuvi wa dagaa, Igombe)

Mvuvi wa Giza

Wakuu habari za saa hizi. Mi ni mvuvi wa dagaa niko Igombe hapa Ilemela, nina miaka 34 na pumu ninayo toka niko darasa la tatu. Naomba mnisaidie mawazo maana naona hali inaenda ndivyo sivyo.

Zamani pampu moja hii ya bluu ya salbutamoli ilikuwa inanikalisha miezi mitatu hadi minne, inakaa tu mfukoni, siku nikibanwa navuta mara mbili maisha yanaendelea. Kuanzia mwaka jana mwishoni mambo yamebadilika, sasa hivi pampu haimalizi mwezi. Pale duka la dawa ninaponunulia kijana akiniona tu anapeleka mkono kwenye rafu kabla sijafungua mdomo.

Sasa wiki mbili zilizopita tulikuwa ziwani kama saa nane usiku, taa tumewasha tunasubiri dagaa wajae, wale wadudu wa ziwani wakatushukia wingu zima, wanajaa kwenye taa, kwenye nguo, ukisema neno wanaingia mdomoni. Kifua kikaanza kupiga filimbi. Nikavuta pampu, inapuliza vizuri kabisa na mvuke wake nauona kwenye mwanga wa taa, ila kifua hakifunguki. Nikavuta tena na tena, labda mara kumi na tano. Wenzangu wakataka tugeuze, mi nikawaonyesha kwa mkono tuvute nyavu kwanza maana tajiri hatatuelewa tukirudi bure na mafuta yameungua. Nikakaa nimeinama nimeshika ukingo wa mtumbwi mpaka kunakucha. Kufika mwaloni nikapakiwa boda hadi kituo cha afya, wakanipiga mvuke kwa ile mashine ndio nikarudi.

Wenzangu wanasema nimeizoea pampu kwahiyo haifanyi kazi tena, niiache kwa nguvu kama mtu anavyoacha sigara. Mama watoto anaogopa itanipasua moyo. Na kuna kitu nimekiona ila sijui kama kina maana, kipindi cha mbalamwezi tukiwa tumepumzika nyumbani nalala vizuri, naweza kukaa siku nne sijaigusa. Giza likianza tukaingia kazini, siku ya pili ya tatu tayari nimebanwa. Ni kweli mtu anaizoea? Na kuna yenye nguvu zaidi ya hii nikanunue?

Mwalimu wa Nyakato

Pole sana kaka yangu. Nimesoma hapo kwenye kushika ukingo wa mtumbwi nikahisi kubanwa mimi mwenyewe, maana naijua ile hali ya kuhesabu pumzi moja moja.

Mi nilikuwa kama wewe, nabeba za bluu mbili kwenye mkoba, moja ya shule moja ya nyumbani, na nilikuwa najiona najitunza vizuri. Nakaa juu kwenye mawe, kutoka barabarani mpaka mlangoni ni kupanda tu, nilikuwa nasimama mara tatu njiani najifanya napokea simu ili majirani wasijue. Kumbe nilikuwa sina pampu ya pili ile ya kinga, ya kahawia. Daktari ndio aliniuliza, hiyo ya bluu unaivuta mara ngapi kwa wiki, nikamwambia kwa wiki? mi navuta kila siku. Akaiweka kalamu chini.

Nilivyoanzishiwa ya kahawia wiki ya kwanza sikuona kitu nikataka kuitupa. Vumilia hapo, maana haikupi nafuu ya papo hapo kama ya bluu, inafanya kazi taratibu kwa siku na wiki. Nikakosea tena mara ya pili, nilivyopona nikaiacha, kiangazi vumbi lilipoanza nikarudi kule kule. Sasa hivi nakaa hata miezi miwili ya bluu sijaigusa.

Msukuma Halisi

Mkuu achana na hizo kemikali zitakumaliza mapafu. Chukua tangawizi, kitunguu saumu na asali mbichi, chemsha, kunywa kikombe asubuhi na jioni kwa mwezi mmoja. Bibi yangu alikuwa na pumu toka usichana na hajawahi kushika pampu mpaka amezeeka. Pampu ukishaanza huachi, nimeona watu wengi.

Nesi Mstaafu

Mwanangu Mvuvi, nimefanya kazi ya wodi miaka mingi hapa hapa kanda ya ziwa, ngoja nikuandikie kwa kirefu na wewe usome taratibu.

Kwanza hiyo pampu iliyopuliza na isikusaidie. Pampu ya bluu ya kawaida imejazwa kupuliza mara 200. Zikiisha hizo 200 gesi inakuwa imebaki, kwahiyo ukiibonyeza inatoa sauti na mvuke kama kawaida lakini dawa ya maana haimo. Nyingi za bei ya chini hazina namba ya kuhesabu. Inawezekana kabisa usiku ule ulikuwa unavuta kopo tupu. Na usije ukaiweka kwenye ndoo ya maji kuangalia kama inaelea, watu wanafanya hivyo, jibu lake haliaminiki na maji yanaharibu tundu. Andika tarehe ulipoifungua na uwe unachora mistari kwenye boksi lake.

Pili hesabu ndogo. 200 gawa kwa siku 30 ni karibu 7 kila siku. Na wewe umesema mbalamwezi huigusi, kwahiyo siku za giza unavuta zaidi ya kumi. Bluu inalegeza misuli iliyobana njia za hewa, ndani ya dakika chache unapumua, inakaa saa 4 hadi 6 basi. Uvimbe ulioko ndani ya zile njia haiugusi. Uvimbe unaendelea kukua huku wewe unajiona umepona kwa sababu umepumua. Ile ya kahawia, mara nyingi beklometasoni, ndiyo inashusha uvimbe. Wataalamu wa pumu wa dunia wanaoitwa GINA walibadilisha mwongozo mwaka 2019, wakasema mtu mzima asitibiwe kwa bluu peke yake. Na mtu anayemaliza kopo 3 au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio baya, anayefika 12 hatari ya kifo inapanda. Wewe uko kwenye kopo moja kwa mwezi mwanangu. Sikutishi, nakuomba.

Kuhusu kuzoea, kuna ukweli kidogo kwamba bluu ikivutwa kila siku peke yake mwili unapunguza kuiitikia, lakini sio uraibu, na dawa yake sio kuiacha. Usithubutu kwenda ziwani bila hiyo bluu. Moyo kudunda na mikono kutetemeka ukiivuta sana ni kawaida yake na kunapita, mwambie mama watoto hivyo.

Alafu nieleze unavutaje. Watu wengi niliowaona walikuwa wanapulizia ulimi. Tikisa, toa pumzi yote nje, weka mdomoni ufunge midomo, anza kuvuta taratibu ndio ubonyeze mara moja, endelea kuvuta mpaka mwisho, shikilia pumzi mpaka kumi. Subiri nusu dakika mpaka dakika ndio uvute ya pili.

Na kama umebanwa vibaya huwezi kushikilia pumzi, tumia chupa. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, tako lake toboa tundu kwa waya wa moto, lenye umbo lile lile la mdomo wa pampu ili ibane vizuri, hewa isivuje. Pampu inakaa takoni, wewe unapumulia mdomo wa chupa. Unabonyeza mara moja unapumua mara nne tano taratibu, ndio unabonyeza tena. Wataalamu wa Afrika Kusini waliipima hiyo chupa kwa watoto wenye pumu wakakuta inafanya kazi vizuri tu kama zile za kununua. Ioshe kwa maji ya sabuni uiache ikauke yenyewe, usiifute kwa kitambaa maana plastiki ikifutwa inavutia dawa kwenye kuta zake.

Msukuma Halisi, tangawizi na asali anywe tu, kooni ni nzuri na wala sikatai. Ila saa nane usiku katikati ya ziwa sufuria ya tangawizi haitamfungua kifua. Tusimwambie aache pampu.

Mvuvi wa Giza

Nesi, shikamoo mama. Nimesoma mara mbili. Kweli nilikuwa nabonyeza kwanza mdomo ukiwa wazi ndio navuta, tena haraka haraka. Na kifuniko cha pampu kilishapotea siku nyingi, inakaa mfukoni pamoja na mapeni, jana nimechungulia ndani nimekuta vumbi la dagaa na gamba la samaki limekaa kwenye tundu kabisa.

Swali lingine, nikishavuta nyavu mgongo unauma sana huwa nameza diklofenaki karibu kila asubuhi. Haina shida?

Nesi Mstaafu

Ina shida kwa baadhi ya watu. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuwabana wenye pumu, sio wote ila wapo. Simamisha kwanza utumie parasetamoli mpaka uongee na daktari, na umtajie kila kidonge unachomeza hata cha dukani. Hilo gamba ungelivuta na dawa lingekwenda kukaa mahali pabaya. Kopo la chuma litoe, hiyo plastiki ioshe kwa maji ya uvuguvugu, ikauke, tafuta kifuniko.

Kijana wa Ukerewe

Kaka mi sina pumu ila ndugu yangu tunayevua naye anayo, na hilo la giza na mbalamwezi ulilosema kwake ni hivyo hivyo. Sisi tulikuja kugundua ni taa. Wale wadudu wanafuata mwanga, wakifa wanakauka ndani ya mtumbwi wanakuwa unga, kesho yake mnaukanyaga unapanda puani. Na tulikuwa bado tunatumia karabai, moshi wa mafuta ya taa unamjia usoni. Tulipohamia taa za betri moshi ukaisha. Siku hizi yeye anakaa upande upepo unakotokea, sio unakoelekea, anafunga kitambaa mdomoni na puani, na sisi wengine ndio tunaosafisha mtumbwi asubuhi kwa maji, hatufagii. Wala hatujawahi kumwona kama mvivu. Ongea na wenzako wazi wazi, wakikupenda watakuelewa.

Mwalimu wa Nyakato

Hapo kwa Kijana nimejifunza kitu, asante. Mi kwangu ilikuwa vumbi la chaki na jiko la mkaa, nilihamishia jiko nje.

Dada wa Mkolani

Sijawahi kuandika hapa, huwa nasoma tu. Kaka yangu niliyemfuata mimi kuzaliwa alifariki na pumu akiwa na miaka 29. Alikuwa dereva wa boda. Pampu ya bluu tulimkuta nayo mkononi. Alikuwa anamaliza moja kwa wiki tatu hivi na sisi nyumbani tulikuwa tunamchangia hela ya kununua nyingine, tukiona ndio tunamsaidia. Hakuna aliyetuambia habari ya kahawia, na sisi hatukuuliza. Siku ile jioni alishindwa kumaliza sentensi, anasema neno moja anapumzika, midomo imebadilika rangi, na bado akasema ngoja nivute tena nitakuwa sawa, tukangoja. Tulingoja karibu saa nzima.

Mvuvi tafadhali, usiku ule wenzako walitaka kugeuza wewe ukawazuia. Usirudie. Dagaa watakuwepo.

Nesi Mstaafu

Pole sana mwanangu, pole sana. Umesema jambo kubwa kuliko yote niliyoandika.

Mvuvi, wafundishe wenzako mtumbwini hivi. Ukibanwa ukae wima usilale, uvute moja moja kwa chupa kila nusu dakika hadi dakika mpaka zifike kumi. Ila injini iwashwe na mgeuze kuja nchi kavu toka zile za mwanzo, msisubiri zifike kumi. Ukishindwa kumaliza sentensi, au midomo na kucha zikibadilika rangi, au ukaanza kusinzia, ni hospitali moja kwa moja, njiani uendelee kuvuta. Nahodha ndiye aamue, sio wewe, kwa sababu mtu aliyebanwa hawezi kujipima.

Na uliuliza kama kuna yenye nguvu zaidi. Ipo iliyochanganywa dawa mbili, budesonaidi na fomoteroli, hiyo mtu anaweza kuitumia kwa kinga na kwa kujiokoa pia. Muulize daktari kama inapatikana na kama mfuko wako unaiweza. Ukipewa ya kahawia, kila ukiivuta sukutua maji uteme, usipofanya hivyo utapata utando mweupe mdomoni. Na usiiache ukijisikia vizuri.

Mvuvi wa Giza

Dada wa Mkolani, Mungu akupe nguvu. Nimemsomea mama watoto ulichoandika, ameondoka kwenda nje, karudi ameshika chupa ya maji ananiuliza tundu linatobolewa wapi.

Nimeongea na nahodha jioni hii. Kasema usiku ule nilivyompungia mkono tuvute nyavu kwanza, yeye alidhani namwambia niko sawa. Tajiri nitaongea naye kesho habari ya taa za betri, najua atalalamika hela.

Kijana wa Ukerewe wabeja sana, nitaanza na kitambaa na kukaa upande wa upepo. Mbalamwezi inaanza wiki hii kwahiyo Jumatatu niko huru, nitakwenda hospitali kliniki ya kifua. Nesi, niende na nini?

Nesi Mstaafu

Nenda na pampu zako zote hata zilizoisha kama hujazitupa, na hivyo vidonge vya mgongo. Mwambie akuangalie unavyovuta, usiondoke hajakuangalia. Na umwambie hilo la giza na mbalamwezi kama ulivyotuandikia, hilo ni la maana sana kwake.

Mvuvi wa Giza

Sijazitupa, watoto wanazichezea. Nimewanyang'anya nimezipanga hapa juu ya ndoo, ziko saba. Nimezibonyeza moja moja, nne bado zinapuliza.