Dar hadi Guangzhou: kilomita ngapi, masaa mangapi hewani?

MtaaWaKongo: Wakuu, tiketi ya moja kwa moja inanichanganya. Kwenda: kuondoka 13:00, kufika 04:30 kesho yake, yaani masaa 15 na nusu. Kurudi: kuondoka 06:00, kufika 12:00, masaa 6 tu! Programu ya simu nayo inasema 9 na dakika 40. Nishike lipi?

Nyuzi78: Mkuu, kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Guangzhou, China, iko mbele yetu kwa masaa 5 mwaka mzima, maana si huku wala kule wanaosogeza saa kwa msimu. Kwenda, toa 5: inabaki 10 na nusu. Kurudi, jumlisha 5: inakuwa 11.

Umbali sasa. Mstari mfupi kuliko yote juu ya mviringo wa dunia, kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi ule wa Baiyun kule Guangzhou, una nyuzi 78.3 kati ya 360 za kuizunguka dunia nzima. Zidisha kwa kilomita 111.2 za kila nyuzi upate kama 8,700. Wanaotumia maili za baharini huzidisha nyuzi kwa 60: kama 4,700. Nusu ya njia inaangukia baharini, jirani na pwani ya Kerala, India.

Hiyo programu imegawa kilomita 8,700 kwa mwendo wa 900 kwa saa, basi. Tiketi inahesabu tangu ndege inapoachia maegesho ya Dar hadi inapoegeshwa kule. Weka kutambaa kwenda njia ya kurukia, kupanda, kushuka, kuzungushwa ikisubiri kutua. Na njia za anga zina kona zake.

MtaaWaKongo: Nimekupata. Ila mbona kurudi kumezidi nusu saa?

Nyuzi78: Upepo. Huko juu, hasa ukikaribia kusini mwa China, huvuma zaidi kutoka magharibi, na Desemba hadi Februari ndipo unapokuwa mkali zaidi. Ukikusukuma kilomita 40 tu kwa saa, 900 inakuwa 940: masaa 9 na dakika 15. Ukikukabili, 860: masaa 10 na dakika 7. Programu isiyouliza unaelekea wapi na mwezi gani ni ya kukisia tu.

DadaTiketi: Kwa wanaounganisha: kupitia Dubai au Addis Ababa, zote zinakaribia kilomita 9,800. Nyongeza ya hewani ni saa moja na kitu. Kinachokula siku ni kusubiri katikati. Ukinunua tiketi mbili tofauti, huenda ukalazimika kutoa mzigo na kuukabidhi upya, na ndege ya pili ikikuacha ni hasara yako.

Tarehe ndiyo inayowaangusha wengi. 00:40 ya tarehe 15 ni usiku wa *kuamkia* tarehe 15, kwa hiyo saa tatu na dakika arobaini usiku wa tarehe 14, yaani masaa matatu kabla, uwe uwanjani. Na 07:00 ni saa moja asubuhi, siyo saa saba. Ya kwako ya 13:00 ndiyo saa saba mchana. Fika saa nne asubuhi, na foleni ya Barabara ya Nyerere uihesabu pembeni.

MtaaWaKongo: Kwa hiyo mwenyeji wangu nimwambie saa kumi na nusu alfajiri?

DadaTiketi: Ya kule, ndiyo. Wa nyumbani waambie saa tano na nusu usiku, siku ileile uliyoondoka. Mwenyeji asije mapema, kuna pasipoti na mizigo kwanza.