Mlango wa mbele pwani: mninga, chuma au wa Kichina?

jenga_taratibu
Wakuu, heshima kwenu. Nyumba iko Kigamboni, upepo wa bahari unaingia mpaka sebuleni. Plasta tayari, madirisha tayari, nimekwama kwenye milango ya nje. Ni miwili: wa mbele unaangalia magharibi na una kibaraza kifupi, wa jikoni hauna hata kofia ya kuukinga mvua. Mama watoto anataka mninga wa paneli. Mimi nauangalia ule wa Kichina maana unakuja kamili, na fremu yake, kitasa na funguo. Fundi wa kuchomelea naye anasema nimwachie yeye. Kipi kinadumu na bado kinapendeza?

mwambao_kwetu
Wa Kichina kwa pwani? Hapana mkuu. Ile ni bati jembamba pande mbili, na katikati mara nyingi kuna karatasi iliyopangwa kama sega la nyuki. Kutu inaanzia chini, pale maji ya deki yanapogusa kila asubuhi. Rangi inafura, ukibonyeza kwa kidole bati linaingia. Ungekuwa Dodoma ningekuambia chukua.

seremala_mstaafu
Msimwonee Mchina. Milango mingi ya mbao niliyoitwa kurekebisha haikuwa imeoza, ilikuwa imepinda, kwa sababu mbao ziliingia karakana zikiwa mbichi.

Sifa kubwa ya mninga ni kutulia. Ukishakauka vizuri, masika na kiangazi haubadiliki sana. Mkongo, ambao wa Mombasa huuita mbambakofi, ni mzito zaidi, usiufunge kwa bawaba mbili. Mtiki una mafuta yake na unavumilia maji, ila mwingi uliopo sokoni ni wa mashamba ya kupandwa, kama Longuza kule Muheza, na mti uliovunwa mchanga una sehemu kubwa ya mbao nyeupe ya nje. Hiyo mchwa hawaiachi. Tazama rangi kwenye kichwa cha ubao kabla ya kulipa. Dai risiti na uangalie alama ya nyundo ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, usije ukasimamishwa njiani na mzigo wako.

Kwa mlango wako wa mbele, jua la magharibi litaimaliza vanishi kabla ya mvua. Nunua vanishi ya nje yenye kinga ya jua, na urudie kwa msasa mwepesi kabla haijabanduka. Ukisubiri ibanduke, utakwangua mlango mzima. Halafu simama mwenyewe fundi akipaka ukingo wa chini. Wengi huuruka kwa sababu hauonekani, na maji huingilia hapohapo. Pembeni acha nafasi ya milimita 3, ubao ukivimba Aprili upate pa kwenda.

dada_wa_chanika
Shikamoo babu seremala. Mimi jikoni nina wa kuchomelea na siujutii, ingawa ukifungwa kwa hasira mtaa mzima unajua. Dai shiti ya geji 16, kama milimita 1.5. Geji 18 ni nyepesi, ukiigonga inalia. Fundi asafishe maungio, apake oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, kwanza ndipo rangi ya mafuta, na atoboe vitundu chini ya mabomba ya mraba ili maji yasituame ndani.

seremala_mstaafu
Marahaba mwanangu. Hapo kwenye vitundu umesema.

mwambao_kwetu
Mnasahau wezi. Mlango unaofungukia nje unaziacha bawaba barabarani, kwa hiyo pini zisiwe za kugongwa zikatoka. Silinda ya kitasa isichomoze nje ya bamba lake, mtu ataikamata kwa koleo na kuivunja. Na hizi grili tunazofunga kwa kufuli usiku halafu funguo ziko chumba cha mwisho! Moto ukiwaka mtazitafuta gizani. Weka komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, mbali na mahali mkono wa nje unapoweza kufika.

jenga_taratibu
Basi mama watoto kashinda: mbele mninga. Jikoni chuma geji 16, na nitamwaga kofia ya zege juu yake kabla ya masika. Wa Kichina nauacha, ingawa kwa bei kamili bado unaniuma, maana kwa mninga nanunua fremu, kitasa, bawaba na vanishi kimoja kimoja. Bawaba na kitasa nichukue shaba au stenlesi?

seremala_mstaafu
Vyote viwili sawa, shaba itafifia tu ung'avu. Kwa stenlesi tafuta daraja la 316, maana la 304 karibu na bahari hupata madoa ya kutu. Ila nyingi zinazoitwa shaba ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Nenda dukani na sumaku mfukoni. Ikinasa kwenye bawaba, rudisha hela yako mfukoni.