Kampuni imekula asali yetu Sikonge, wakurugenzi wamefungua nyingine. Tunaweza kuwashtaki wao wenyewe?

BintiSikonge:
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha warina asali huku Sikonge, Tabora, kiliiuzia kampuni moja ndoo 140 msimu uliopita. Tulipewa malipo ya awali kidogo, salio tukaandikiwa hundi. Benki wakasema akaunti haina kitu. Sasa ofisi imefungwa na wakurugenzi, mtu na mdogo wake, wanatujibu kampuni imekufa, wao hawadaiwi. Lakini Fuso lao lile lile linapita vijijini kununua asali kwa jina jipya. Ukisimama karibu na mlango wa dereva unaziona herufi za jina la zamani chini ya rangi. Kwenye hela hiyo kuna ada za watoto, kuna wajane. Wakili mmoja katuambia kampuni ni mtu kivyake, tusahau. Ni kweli?

Mnyamwezi_Halisi:
Ukicheka na nyani utavuna mabua. Polisi moja kwa moja!

WakiliWaKanda:
Pole sana dada. Huyo wakili amekupa nusu ya sheria. Kampuni ni mtu kivyake tangu kesi ya Salomon ya Uingereza, 1897, na mkurugenzi halipi deni la kampuni kwa sababu tu ni mkurugenzi. Biashara kufa si kosa. Ila kampuni ikigeuzwa kificho cha ulaghai, mahakama hufunua pazia na kumwangalia aliyejificha nyuma. Mahakama yetu ya Rufani ilishalifunua, Rufaa ya Madai Na. 78 ya 2002, Yusuf Manji dhidi ya Edward Masanja na mwenzake. Wakili wenu aisome.

Kazi yenu ni kuonyesha kwamba walipopakia zile ndoo walijua hawatalipa, au wamehamisha mali ya kampuni ili msikute kitu. Ndiyo maana hilo Fuso nalipenda sana. Lipigeni picha, herufi na namba ya usajili zionekane. Halafu ombeni BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, taarifa za kampuni zote mbili: wakurugenzi, wanahisa, tarehe za kusajiliwa. Mkikuta hii mpya ilisajiliwa kabla hamjaandikiwa hundi, mna hoja nzito.

Kwenye hati ya madai unganisheni kampuni na wakurugenzi, na ulaghai uelezwe kinagaubaga: nani alisema nini, lini, wapi. Kuandika "wametutapeli" peke yake hakutoshi.

BintiSikonge:
Ahsante sana kaka. Kikundi hakijasajiliwa, stakabadhi zina jina la mwenyekiti. Inaharibu?

WakiliWaKanda:
Hapana. Ombeni kwanza kibali cha mahakama wachache wenu wafungue shauri kwa niaba ya wote. Madai ya mkataba yana miaka 6, muda mnao.

MamaUrambo:
Naomba nimuunge mkono na huyo wa polisi. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni jinai, kifungo hadi miaka 7, na hapo anashtakiwa mtu, hajifichi nyuma ya jina la kampuni. Fungueni jalada sambamba na madai. Ila mdogo wangu, wakianza kuwabembeleza mlifute kwa ahadi ya mdomo, kataeni. Hela kwanza, mbele ya wakili.

BintiSikonge:
Nimekuelewa dada. Hundi anazo mwenyekiti, kesho tunazipeleka polisi.

WakiliWaKanda:
Kabla ya kuzikabidhi toeni nakala mbele na nyuma, ule muhuri wa benki usomeke, na polisi wawaandikie kwamba wamezipokea.