Simu inarukia yenyewe waifai za kampuni ya simu njiani, naizuiaje bila kuzima waifai?

Mpeleka Mizigo

Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri kwenye jambo linalonikwamisha kazini kila siku.

Nasambaza vifurushi kwa pikipiki. Simu ndiyo ramani yangu, ndiyo daftari la oda, ndiyo njia ya mteja kunipata. Kampuni ya laini ninayotumia imefunga waifai zake kila kona ya mji: vituo vya mabasi, maduka makubwa, hata kwenye nguzo za barabarani. Nikipita karibu tu, simu inaacha data na kurukia waifai hiyo bila kuniuliza. Na mara nyingi iko mbali, alama inaonekana juu ya kioo lakini hakuna kinachopita. Ramani inaganda, oda haifunguki. Nikitoka eneo hilo data inarudi, kabla sijakaa sawa nimeshaingia kwenye nyingine.

Nimeifuta kwenye orodha, ikarudi. Nikaikata kwa mkono, siku hiyo ikatulia, kesho yake ikaanza upya. Kuzima waifai kabisa sitaki, maana nyumbani na stoo natumia waifai, na nikisahau kuiwasha bando lote linaishia kwenye kusasisha programu. Nina simu mbili, Android na iPhone, zote laini za kampuni hiyo hiyo na tabia ni moja. Nifanyeje ziache kabisa lakini waifai zangu mwenyewe zibaki?

Tulizo

Pole sana ndugu. Mimi nikitoka nyumbani nazima waifai, nikirudi nawasha. Imekuwa mazoea, sihangaiki tena.

Kitasa

Tulizo, kasema wazi hataki njia hiyo, na ana haki. Mtu aliyeko barabarani na mzigo asilazimike kukumbuka kazi ambayo simu inaweza kuifanya yenyewe.

Mkuu Mpeleka Mizigo, kwanza jua mtandao huo umeingiaje kwenye simu. Waifai ya nyumbani uliiweka wewe kwa nenosiri. Hii ya kampuni hukuiweka. Imeletwa na mipangilio inayokuja na laini, au na programu ya kampuni uliyonayo kwenye simu. Simu ikiikuta hewani, laini inajitambulisha kwa hotspoti, yaani kifaa kinachorusha waifai hiyo, karibu kama inavyojitambulisha kwa mnara, ndiyo maana huulizwi chochote. Utaratibu wenyewe unaitwa Passpoint, simu nyingine zinauandika Hotspot 2.0, na Wi-Fi Alliance, umoja wa kampuni unaothibitisha vifaa vya waifai, walianza kuthibitisha vifaa vyake mwaka 2012. Kampuni zinaupenda kwa sababu unaondoa mzigo kwenye minara sehemu zenye msongamano. Sasa ukilifuta jina kwenye orodha, aliyelileta bado yumo ndani ya simu, atalileta tena.

Ile ya kutulia siku moja kisha kurudi nayo ina sababu yake. Kuanzia Android 10, programu inaweza kuipendekezea simu mitandao ya waifai. Ukiukata kwa mkono mtandao uliopendekezwa, Android inauweka kando kwa saa 24 tu. Zikiisha, unarudi.

Kwa hiyo usihangaike na jina, mfuate anayelipendekeza. Kwenye Android ingia Mipangilio, sehemu ya programu, tafuta ufikiaji maalum wa programu, ndani yake kuna udhibiti wa Wi-Fi. Ukiiona programu ya kampuni yako hapo, inyime ruhusa. Kama huitumii kabisa, iondoe, mapendekezo yake yanaondoka nayo. Ikiwa ilikuja na simu na haifutiki, izime. Maneno ya menyu yanatofautiana kidogo kati ya simu na simu, ukikwama andika Wi-Fi kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya Mipangilio.

Baada ya hapo pita sehemu ambayo huwa inarukia. Ikijiunga tena, ujue mtandao unatoka kwenye laini. Simama, gusa alama ya mipangilio iliyo pembeni ya jina lake, zima kuunganisha kiotomatiki. Usiufute! Ukiufuta unafuta na agizo lako la kutojiunga. Mtandao ubaki kwenye orodha ukiwa umezimwa.

Saketi

Naongezea kwa wenye Samsung: fungua Wi-Fi, gusa vidoti vitatu vya juu, ingia mipangilio ya kina, kuna swichi ya Hotspot 2.0, kwenye matoleo mengine imeandikwa Passpoint. Ukiizima, simu haishughuliki tena na mitandao ya aina hiyo yote kwa mkupuo, hufukuzii jina moja moja.

Pia angalia palipoandikwa washa Wi-Fi kiotomatiki. Hiyo huiwasha waifai tena ukikaribia mtandao ambao simu inaufahamu. Wapo watu wanaozima waifai asubuhi, mchana wanaikuta imewaka, wanadhani simu mbovu.

Mpeleka Mizigo

Asanteni sana. Programu ya kampuni ninayo, niliiweka kwa ajili ya kuangalia salio. Naanza na hiyo. Na iPhone je? Huku sioni sehemu ya kunyima programu ruhusa ya waifai.

Bi Antena

Kaka, kwa iPhone njia ni nyingine, na ni fupi.

Mitandao hii Apple inaihesabu kuwa inasimamiwa na kampuni ya laini yako, inaijua bila wewe kuiongeza. Ukiwa karibu na mmoja wao, fungua Settings, Wi-Fi, gusa ile herufi i iliyo ndani ya duara kando ya jina la mtandao, kisha zima palipoandikwa Auto-Join. Kampuni nyingi zina jina zaidi ya moja, kwa hiyo kila jina jipya utakalokutana nalo lizime vilevile. Kuanzia iOS 16 ukigusa Edit pale juu kwenye ukurasa wa Wi-Fi unaiona mitandao ambayo simu inaifahamu hata kama haiko karibu. Anzia hapo ukiwa umetulia, zinazobaki utazimaliza njiani.

Nakuomba usichanganye hiyo na vitufe viwili vinavyofanana nayo kwa jina. Ask to Join Networks inahusu mitandao ambayo simu haiijui, na wa kampuni inaujua. Auto-Join Hotspot inahusu intaneti ya simu nyingine, mfano ya mwenzako anayekugawia. Watu wanazima hizo mbili, hali inabaki ile ile, wanakata tamaa.

Jambo jingine linalokuhusu wewe hasa unayetembea kutwa. Ukigusa alama ya waifai kwenye paneli ile unayoivuta kwenye kioo, waifai haizimiki. Simu inaachana na mtandao uliopo na inaacha kujiunga kwa muda. Muda huo unaisha ikifika saa 11 alfajiri, au ukiwasha simu upya, au ukihamia mahali pengine. Hilo la kuhama ndilo linalokuumiza: umegusa pale kituo cha kwanza, umeendesha hadi cha pili, simu inaona uko eneo jipya, inarudi kujiunga. Ukitaka kuzima kweli, zimia ndani ya Settings.

Hamadi Kibindoni

Samahani, mimi naona tofauti. Waifai hizi ziko ndani ya huduma tunayolipia na kwenye kampuni nyingi hazili bando. Nikiwa nimekaa ndani ya jengo ambalo mnara haufiki vizuri, zinanisaidia sana. Je, hakuna njia ya kuzibakisha, simu ikaziacha tu zikiwa dhaifu?

Bi Antena

Ipo, na kwa mtu anayekaa mahali pamoja inafaa. iPhone ina Wi-Fi Assist, ipo tangu iOS 9, utaikuta mwishoni kabisa mwa ukurasa wa data za simu. Waifai ikiwa dhaifu, inatumia data badala yake. Android nyingi zina swichi ya kuhamia data waifai ikisuasua. Lakini zote zinasubiri zione kwanza kwamba hali ni mbaya ndipo zihame, na Wi-Fi Assist haizisaidii baadhi ya programu za muziki na video. Aliyesimama anaweza kusubiri, dereva aliye njia panda akitafuta kona hawezi. Kwake yeye ni bora simu isijiunge tangu mwanzo.

Ngao

Niongeze upande ambao haujaguswa, na mimi ndio unaonipa wasiwasi zaidi kuliko ramani kuganda.

Waifai za kampuni ziko za aina mbili. Zipo za Passpoint alizoeleza Kitasa, ambapo laini inathibitishwa na mawasiliano kati ya simu na hotspoti yanafichwa. Na zipo za zamani zilizo wazi, hazina nenosiri, simu inazitambua kwa jina peke yake. Hizi za pili ni hatari, kwa sababu jina la waifai yeyote anaweza kuliandika. Mtu akifungua hotspoti yake akaipa jina lile lile, simu iliyozoea kujiunga itajiunga. Benki na mitandao ya kijamii wanaficha mawasiliano kwa HTTPS, kwa hiyo hataisoma nywila yako kirahisi, lakini anaweza kuona tovuti unazotembelea, na anaweza kukuletea ukurasa wa kuingia wa uongo unaokuomba namba ya simu na nywila.

Hata ile ya Passpoint ilikutwa na tundu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwenye Black Hat Europe, mkutano wa usalama wa kompyuta, kwamba hotspoti bandia inaweza kuifanya simu itaje IMSI, namba inayoitambulisha laini, isiyozidi tarakimu 15. Mwenye namba hiyo anaweza kujua kwamba wewe ndiye uliyepita hapa leo na pale jana. Tangu hapo ulinzi umeongezwa, lakini lazima na upande wa kampuni uwe tayari. Kwenye iPhone, ukiona chini ya jina la mtandao wa kampuni yako pameandikwa Privacy Warning, maana yake ni hiyo: utambulisho wa laini yako unaweza kuvuja kwa hotspoti inayojifanya ya kampuni. Apple wenyewe wanashauri uzime Auto-Join hapo. Kwenye Android kuanzia toleo la 11, kama kampuni haifichi IMSI, simu inapaswa kukuomba idhini kabla ya kujiunga. Ukiona ombi hilo, kataa.

Hamadi, ukiamua kuzibakisha, bakisha zile za Passpoint tu na uzizime zilizo wazi.

Mpeleka Mizigo

Wakuu, Mungu awabariki. Android nilimnyima yule mpendekezaji ruhusa, nimezunguka njia zangu zote za kawaida, imetulia. iPhone nilikuta majina mawili, moja lina hilo onyo la faragha kabisa, na nilikuwa nalipita kila siku. Nimezima yote mawili.

Swali dogo: kupiga simu kupitia waifai nikiwa nyumbani kutaathirika? Nyumbani mnara ni hafifu, naitegemea.

Kitasa

Haitaathirika. Kupiga kupitia waifai kunatumia waifai yoyote uliyojiunga nayo, ya nyumbani inatosha. Ila usije ukafanya ile ya kurejesha mipangilio yote ya mtandao kama wengi wanavyoshauri. Itafuta waifai zako zote na manenosiri yake, irudishe hali ya awali, na mitandao ya kampuni itakuja tena pamoja na laini.

Nyota ya Jaha

Nami nina tatizo kama hili ila simu ni ya ofisi, iPhone. Mtandao unaonisumbua si wa kampuni ya simu, ni wa kazini, na kitufe cha kuusahau hakipo.

Bi Antena

Huo umewekwa na wasifu wa ofisi, yaani mipangilio ambayo ofisi imeiingiza kwenye simu. Ingia Settings, General, kisha VPN & Device Management, utauona. Usiuondoe mwenyewe hata kama simu inakuruhusu, kwa sababu barua pepe na programu za kazi zinaweza kuondoka nao. Nenda kwa watu wa kompyuta wa ofisini, wape jina la mtandao, waombe waondoe kujiunga kiotomatiki kwenye wasifu huo. Kwao ni kubadilisha mpangilio mmoja, kisha simu yako itaupokea.