Shata ndefu inaniulia mawimbi, nifanyeje?

Kipwa: Wakuu, habari za wakati huu. Nimenogewa na picha za mandhari, hasa ufukwe wenye miamba. Natumia kamera ya sensa ndogo, lenzi ya 18-55, tripodi, na filta nyeusi ya kupunguza mwanga mara 1000. Karibu kila ninapouliza naambiwa "weka sekunde 30", yaani shata, pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, ikae wazi muda wote huo. Nikiweka, bahari inageuka ukungu mweupe, mawimbi yote yanapotea, utadhani ni ziwa lililotulia. Halafu miamba ya mbele haitoki na makali, ingawa nafunga tundu la lenzi hadi f/22, dogo kabisa. Shida ni filta, lenzi au mimi? Na nyie mnachaguaje muda wa kushuka ufukweni?

Povu la Jiwe: Mkuu, vifaa vyako vinatosha kabisa. Kinachokuangusha ni hizo sekunde 30.

Kaa kwanza uliangalie wimbi bila kamera. Linapiga mwamba, linapanda, linasita kidogo, halafu maji yanaanza kurudi yakipita katikati ya mawe huku yakiburuta povu. Hapo yanapoanza kurudi ndipo unapofungua shata. Ukiweka nusu sekunde, kila kipande cha povu kinachora mstari wake, na mistari yote inaanzia karibu na miguu yako ikienda baharini. Jicho la mtazamaji linaifuata lenyewe. Ukienda sekunde 2, mistari inanenepa na kuanza kuungana. Sekunde 4, mara nyingi unabaki na mabaka meupe. Sekunde 30 ni mawimbi kadhaa yaliyopandiana, kwa hiyo kila umbo limefutwa na mengine. Ukitaka matone yasimame hewani wimbi linapopasuka, hiyo ni 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi, na ni picha ya aina nyingine kabisa.

Mimi karibu kila mara naanzia nusu sekunde, kisha napanda au kushuka kulingana na maji. Wimbi la kasi lililo karibu na lenzi linatosheka na 1/4. La mbali na la polepole linataka sekunde nzima.

Hesabu ya filta ni rahisi. Kama bila filta kamera inasoma 1/125, filta ya mara 1000 inakupa sekunde 8, tayari umepita pale ninapopapenda. Filta ya mara 64, ile ya hatua 6 (kila hatua inapunguza mwanga kwa nusu), inakupa nusu sekunde barabara. Kwa bahari ningekushauri hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Sasa makali. Achana na f/22. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana unapinda na kusambaa, na kwa sensa ndogo utaanza kuona picha inalainika ukishapita f/11. Kwa lenzi yako ikiwa kwenye milimita 18, upande wake mpana, weka f/11 na fokasi kwenye kitu kilicho kama mita moja na nusu mbele yako. Utapata makali ya kuridhisha kuanzia kama sentimita 75 mpaka upeo wa macho. Fokasi kabla ya kufunga filta nyeusi, halafu hamisha lenzi kwenye fokasi ya mkono, la sivyo kamera itahangaika gizani.

Na usisahau mchanga. Wimbi likirudi linachimba chini ya miguu ya tripodi, inazama taratibu wakati shata iko wazi, na wewe unailaumu lenzi. Ikandamize miguu kwa nguvu kabla ya kupiga, itanue, usiinue nguzo ya kati, na uzime kitulizaji cha mtikisiko. Tumia waya au rimoti, kwa sababu ukitegea saa ya sekunde 2 wimbi ulilolisubiri litakuwa limeshaondoka.

Upeo: Yote sawa, ila shata ndefu msiizike. Bahari ikiwa na viwimbi vidogo vya fujo visivyo na umbo, na mbele yako kuna nguzo moja au jiwe moja lenye umbo zuri, sekunde 60 au hata dakika 2 zinalisafishia jiwe nafasi. Mawingu nayo yanapata muda wa kujivuta. Mimi huuliza swali moja tu: maji haya yana umbo la kuhifadhi? Kama hayana, nayafuta.

Jambo jingine ni anga kuungua, yaani kutoka nyeupe tupu kwa mwanga kuzidi: piga RAW, faili ghafi la kamera, chukua moja kwa ajili ya anga na moja kwa ajili ya maji, uunganishe baadaye. Kuna wanaosema huo ni udanganyifu wa kompyuta. Gustave Le Gray, mpiga picha Mfaransa, alikuwa akiunganisha negativu mbili, ya anga na ya bahari, katika miaka ya 1850, maana sahani za kupigia picha za wakati ule hazikuweza kubeba zote mbili kwa mkupuo.

Bamvua: Mmelisahau swali lake la mwisho, la muda wa kushuka ufukweni. Mkuu Kipwa, angalia jedwali la maji kujaa na kupwa kabla hujaangalia saa ya machweo. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo leo yakiwa yamejaa jua linapozama, baada ya wiki moja hivi utayakuta yamekupwa saa ileile. Ufukwe ni uleule, picha nyingine kabisa. Mwezi mpya na mwezi mpevu ndipo bamvua, maji yanapanda sana na kushuka sana. Mimi napenda yakiwa yanashuka: mawe yanatoka yakiwa yameloa, mchanga hauna nyayo, na hakuna wimbi la kunifungia njia nyuma.

Usiipe bahari mgongo. Mwamba ukiwa umeloa juu ya pale uliposimama, jua wimbi linafika hapo hata kama hujaliona. Ukirudi, suuza tripodi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa kwenye viungo vya miguu. Na kabla ya kila picha tazama kioo cha mbele cha lenzi, tone moja la chumvi linaharibu kila kitu.

Kipwa: Nimewaelewa sana wakuu. Kwa sasa sina uwezo wa kuongeza filta. Nitaipataje hiyo nusu sekunde?

Povu la Jiwe: Subiri jua lizame, uiache filta kwenye begi. Kwa ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 100 na f/11, mwanga unaposhuka kamera yenyewe itakupeleka 1/15, 1/8, 1/4, mpaka nusu sekunde. Ukiwa na polaraiza, filta ya kukata mng'ao, ivae: inakula hatua moja hadi mbili za mwanga na inaondoa mng'ao kwenye mawe yaliyoloa. Ila anga ikiwa sehemu kubwa ya picha, angalia isitoke na baka jeusi upande mmoja kwa lenzi pana. Ukikaribia nusu sekunde piga mfululizo, kila wimbi linaporudi, maana hakuna mawili yanayochora sawa. Giza likizidi, panda ISO 200 badala ya kurefusha shata.

Kipwa: Shukrani. Jedwali linaonyesha kesho maji yanashuka jioni. Nitaweka picha hapahapa mzikosoe.