Mrejesho: chumba cha wavu chini ya turubai la karavani

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama turubai la kivuli la karavani yetu (nyumba ndogo ya magurudumu) litahimili kufungwa chumba cha wavu, maana mbu walikuwa wanatufungia ndani kila jioni. Tumerudi juzi kutoka kambi ya Flamingo, kule kwenye hifadhi ya Everglades, Florida, Marekani. Limehimili vizuri, na asanteni sana.

Ukuta wa mbele unapita kwenye mfereji wa bomba linalokunjia turubai. Ulikwama katikati mpaka mke wangu alipoupaka ukingo sabuni kavu, ukateleza. Wa pembeni ni zipu tu.

Usiku wa kwanza mbu waliingia hata hivyo. Kumbe walipitia uvunguni mwa karavani! Tuliziba kwa kanga mbili kuukuu, tukakandamiza pindo kwa mawe, wakakoma. Usubi ndio shida: ni wadogo mno, wanapenya tundu za wavu wa kawaida. Feni ndogo ilisaidia sana, kwa kuwa hawawezi kuruka dhidi ya upepo. Anayenunua sasa atafute wavu wenye tundu ndogo zaidi.

Aliyenishauri kuteremsha mguu mmoja wa turubai, Mungu akubariki. Mvua ilinyesha na maji yote yakamwagikia pembeni, hayakutuama juu.

Upepo ulipoanza kuvuma usiku wa pili tulivua kuta na kukunja turubai lote, tukalala ndani. Kuta zile hukamata upepo kama tanga, na vigingi peke yake sitaviamini.